Ile Kompyuta ya Dirishani Usiifute

Watu wakiniuliza ni kitu gani kimenichosha maishani, wanategemea nitaje ndoa, au mgao wa umeme, au vumbi la barabara ya Kilosa kwenda Mikumi. Mimi huwajibu kwamba nimechoshwa na matoleo mapya. Wanacheka, wanadhani nawatania. Sitanii hata kidogo. Kwa miaka mingi nimefungua kafe yangu asubuhi, nikawasha kompyuta moja baada ya nyingine, na kabla sijanywa hata chai nikatazama kona ya skrini kuona kama kuna kitu kimejibadilisha chenyewe. Nikikuta kimejibadilisha, nguvu zinaniishia hapo hapo, na siku inakuwa imeshaharibika.

Nieleze kidogo, maana kafe za intaneti zimekufa na wapo vijana ambao hawajawahi kuingia hata moja. Kompyuta ya kafe ni ya kila mtu. Anakuja mwalimu, anafungua barua pepe yake, anasoma, anaondoka zake. Kwenye kiti kile kile anakaa dereva wa lori. Kama hakuna aliyefuta, dereva anakuta mambo yote ya mwalimu: kurasa alizotembelea, picha alizotazama, pengine hata sanduku lake la barua liko wazi linasubiri kusomwa. Ndiyo maana nilikuwa na programu ya kusafisha. Mteja akiinuka, nabonyeza, programu inapita ndani ya brauza, yaani kile chombo cha kufungulia kurasa za intaneti, inaondoa alichoacha, halafu inaandika kwa kijani kwamba kumeshakuwa safi.

Shida yake ni kwamba programu ile haina akili yake. Inasafisha pale ilipoonyeshwa tu. Brauza ikitoa toleo jipya, inahamishia vitu vyake mahali pengine, na programu ya kusafisha inakwenda kufagia chumba kile kile cha zamani ambacho wenyewe wameshahama. Inakuta kitupu, inasema safi. Kwa hiyo lazima nayo uitafutie toleo jipya linaloendana na lile jipya la brauza. Ukishalipata, brauza imeshatoa jingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na hakuna mteja hata mmoja aliyejua kama naifanya.

Sikuzaliwa na kompyuta. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge nje ya mji wa Kilosa, shamba ambalo babu yangu aliletwa kulifanyia kazi akiwa kijana na hakurudi kwao tena. Serikali ilipoanza kujitoa kwenye mashamba na viwanda, tukaitwa ofisini tukaambiwa tumepunguzwa. Mashine ya chapa ilibaki mezani, mimi nikatoka na vidole vyangu. Muda si mrefu mambo ya simu nayo yakafunguliwa, kila kampuni ikaruhusiwa kusimika mnara wake, na Dar es Salaam zikaanza kushushwa kompyuta za mitumba kama zilivyoshushwa nguo. Nikachukua chache, nikapanga chumba karibu na stesheni ya Kilosa. Watu walisema kazi ya ofisini imenipanda kichwani.

Ni pale stesheni walipokuja mama mmoja na binti yake, wametokea Kilangali. Mama alikuwa kibarua wa miaka mingi kwenye shamba la mbegu la serikali, mwembamba, mnyamavu, mwenye macho ya kukagua kila kitu. Binti alikuwa anakwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Alikuwa na haraka ya mtu ambaye gari lake liko njiani. Alimkalisha mama yake kwenye kompyuta ya dirishani, akamfungulia sanduku la barua pepe, akaandika neno la siri chap chap, halafu akanigeukia.

"Dada, shikamoo tena. Nakuomba kitu kimoja. Hii ya dirishani usiifute. Mama paswedi hataiweza, mwache abaki ameingia hivi hivi, akija akute barua zake."

Nilikuwa na wateja wengine na umeme ulikuwa unacheza. Nikamwambia sawa. Laiti ningejua uzito wa sawa ile ningemwambia akae chini kwanza tuelewane.

Kompyuta ile ilikuwa na brauza mbili. Wateja walipenda moja tu, ile nyingine hawakuigusa. Basi hiyo ya pili nikaifanya ya mama. Nikaificha mahali ambapo mteja hawezi kuiona, na nikaiambia programu ya kusafisha iiruke. Zote isafishe, hiyo isiiguse. Mtu akikaa pale akiondoka, alama zake zinafutwa, na sanduku la mama linabaki wazi pale lilipo. Ilifanya kazi vizuri, nikajiona fundi.

Mama alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. "Hodi hapa." "Karibu mama, shikamoo." "Marahaba mwanangu." Anakaa dirishani, namfungulia, anasoma barua ya binti taratibu huku midomo inacheza. Halafu anajibu. Kuandika kwenye vitufe hakukutaka, alisema vidole vyake vimezoea jembe, kwa hiyo alisema yeye nikachapa mimi. Barua yake ilikuwa ni ile ile kila mwezi. "Andika: Mwanangu mpenzi, salamu nyingi sana. Mimi sijambo na wote hapa hatujambo, hofu yetu ni kwako uliye mbali nasi." Kisha mvua, kisha mpunga, kisha nani kaoa na nani kafiwa. Akimaliza anainuka, anafunga kitenge vizuri, anasimama mlangoni kuangalia nje wakati mimi nahakiki na kutuma.

Mwezi mmoja alikuja anakohoa mpaka wateja wakawa wanageuka kumtazama. Nikampa maji. Akakaa, akavuta pumzi, akasema, "Andika: Mimi sijambo na wote hapa hatujambo." Nikachapa kama alivyosema. Lakini ofisini tulikuwa na desturi ya mpiga chapa kuweka alama yake chini kabisa ya barua, ili ijulikane ni mkono wa nani. Alipokwenda mlangoni, vidole vyangu vikaenda chini kabisa ya barua, na badala ya alama nikaweka maneno: "Mchapaji anaongeza: mama anakohoa sana, na amekonda." Nikatuma.

Mwezi uliofuata jibu la binti lilikuwa limeanza na kikohozi. Mama, kanywe dawa, usidharau, nenda hospitali ya wilaya, usiishie duka la dawa. Mama akasoma, akasema, "Haya." Hakuuliza kitu. Mimi nikajifanya nafuta vumbi kwenye meza ya jirani. Tangu hapo kila barua niliiongezea mstari wangu, na nilijiona mjanja sana.

Halafu mto Mkondoa ukapasua kingo zake, maji yakaingia mjini. Waliowahi kuishi Kilosa wanajua habari za mto ule, hakuna haja ya kuzisimulia. Kwangu matope yalifika kwenye viti. Kompyuta nyingine hazikufaa tena hata kwa vipuri. Ile ya dirishani ilikuwa juu ya ubao wa dirisha, haikuguswa. Nikapakia zilizopona, nikahamia Mikumi, kwenye barabara kuu, ambako malori yanalala, watumishi wa mahoteli ya mbugani wanashuka mjini siku za mapumziko, na watu wa Ruhembe wanakuja na matope ya mashamba ya miwa kwenye viatu. Umeme ulikuwa afadhali kidogo, wateja wapo. Nikamwachia mama ujumbe kwa muuza duka jirani kwamba nimehama, na kwamba pale Kilosa ipo kafe nyingine mpya, ataweza kusomea hapo.

Mwisho wa mwezi nasikia hodi. Ni yeye, kichwa chote kimekuwa chekundu kwa vumbi, kaja na basi la Kilosa kupitia barabara ile ya mashimo.

"Mama, si nilisema kuna kafe pale pale mjini?"

"Nilikwenda. Akaniuliza paswedi. Nikamwambia barua zangu hazina paswedi, zimo kwenye kompyuta ya dirishani. Akacheka yule kijana." Akakaa kwenye kiti chake. "Ifungue."

Nilimweleza kwamba barua hazimo ndani ya kompyuta, zimo mbali huko, na mtu mwenye neno la siri anaweza kuzisoma popote, hata kwa simu. Akanisikiliza kwa heshima. Kisha akaonyesha kidole kwenye skrini, ambako barua zake zote zilikuwa zimejipanga. Ningembishiaje? Kwa upande wake alikuwa anasema kweli kabisa. Bila neno la siri, duniani kote palikuwa na mahali pamoja tu pa kusomea barua zile, na mahali hapo palikuwa kwangu. Nikasema nimfungulie sanduku jipya lenye neno analolijua mwenyewe. Akakataa. Barua za mwanaye tangu siku ya kwanza zilikuwa humo, hakuwa tayari kuzihama.

Kuanzia hapo ndipo uchovu wangu ulipoanza hasa. Zamani toleo jipya lilikuwa kitu cha kusubiri. Sasa yakawa yanafululizana bila kupumua. Kila likija naanza upya. Napakua kwa modemu, inafika katikati umeme unakatika, naanza tena. Napakua programu ya kusafisha inayolingana, nayo kila ikija mpya inasahau yote niliyoiambia, haijui tena ile brauza ya mama ya kurukwa. Ikiwahi kubonyezwa kabla sijaikumbusha, basi sanduku la mama limefungwa na ufunguo hatuna. Kwa hiyo kila mara nilifunga mlango, nikawaambia wateja wasubiri, nikaikumbusha, nikahakikisha, nikafungua. Wengine waliondoka wakilalamika kwamba mwenye kafe ana maringo.

Mtu ataniuliza kwa nini nisingeacha kusafisha nikapumzika. Nilijaribu. Brauza ilikuwa imehama, programu inaniandikia safi za kijani kila nikibonyeza, nikasema liwalo na liwe, nitatafuta toleo jingine nikipata nafasi. Wiki haikuisha. Mhudumu mmoja wa hoteli akakaa akakuta barua ya mwenzake wa kazi ile ile, anaomba kazi hoteli ya pili. Habari ikafika kwa bosi wao kabla mwenyewe hajarudi kazini. Mwenye barua alikuja kusimama mlangoni kwangu akapiga kelele mpaka wauza nyanya wakajaa kutazama, na alikuwa na haki ya kila neno alilonitukana. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwandikia kwamba kumeshakuwa safi. Baada ya siku ile sikuthubutu tena kuacha.

Kisha juu ya sanduku la mama ukatokea mstari wa njano. Ulisema brauza hii ni ya zamani, karibuni haitaweza kufungua barua, tafadhali weka mpya. Ile brauza ya mama sikuwa nimeigusa tangu Kilosa, niliiogopa. Kuweka toleo jipya maana yake ni kuhamisha vitu vyake vyote, na sikujua kama programu ya kusafisha itamtambua mwenyewe akiwa amehama.

Nikamwambia mama, mwezi huu tumwombe neno la siri. Tukaliomba. Binti akajibu: nitalitafuta mama, sikumbuki nilipoliandika, wewe endelea kwenda kwa dada. Mwezi uliofuata tukaliomba tena. Nitalitafuta mama. Mara nyingine hakuligusia kabisa, aliuliza tu kama mama anakula vizuri, maana nilikuwa nimeongeza mstari wa kwamba kitenge kinamzunguka zaidi ya zamani. Nikaanza kumchukia yule binti. Nilimwona kama wale mabosi wa ofisini ambao jambo dogo kwao ni kesho, na wewe wa chini ndiye unayekesha nalo.

Mstari wa njano ukageuka ukuta. Asubuhi moja ya mwisho wa mwezi nafungua, sanduku halifunguki tena: weka brauza mpya kwanza. Na mama alikuwa ameshapanda basi, hana simu ya kumwambia rudi. Sikuwa na hiari. Nikafunga mlango, nikaweka toleo jipya. Nikaifungua. Barua zake zote zilikuwepo, zimejipanga kama kawaida. Nikaikumbusha programu ya kusafisha: hii iruke. Ikakubali. Nikafungua mlango, nikajiruhusu chai.

Dereva mmoja akakaa pale dirishani, akatumia brauza ile ya wateja, akainuka. Nikabonyeza. Ikaandika safi. Nikasema niangalie tu, kwa amani ya moyo. Sanduku lilikuwa limefungwa. Ukurasa mweupe ulikuwa unaniuliza jina na neno la siri. Ile programu ilikuwa imeruka jina la zamani nililoikumbusha, na toleo jipya ikaliona ni mgeni, ikalisafisha kama inavyosafisha wageni wote. Nilitaka kulia. Nilikaa kwenye kiti cha mama nikiangalia ukurasa ule, na dereva akaniuliza kama kompyuta imemkosea mtu.

Mama aliingia adhuhuri. Alikuwa anaburuta mguu, kifundo cha kushoto kimefungwa kitambaa na juu yake kumevimba. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nikirudia rudia, nikitaja matoleo na brauza kama vile vitu hivyo vingeweza kumfariji. Aliniacha nimalize.

"Kwa hiyo leo hakuna barua."

"Hakuna mama. Nisamehe."

"Na kumwandikia?"

"Hata kumwandikia hatuwezi."

Akasema basi, atakaa kidogo mpaka basi la kurudi. Akakaa dirishani, mbele ya ukurasa ule mweupe, mikono mapajani. Sikumpa mteja kiti kile siku hiyo. Basi lilipopiga honi akaniaga vizuri, akaniambia nisijisumbue sana, akaondoka akiburuta mguu wake. Siwezi kusahau alivyopanda ngazi za basi lile. Alishika bomba kwa mikono yote miwili akajivuta.

Basi lilipokwisha kuondoka ndipo nikakumbuka kwamba anwani ya binti nilikuwa naijua kwa kichwa kwa kuiandika mara nyingi. Nikamwandikia kutoka kwenye sanduku langu, maneno machache makali, na namba yangu ya simu. Baada ya siku chache simu ikalia, namba ndefu ya nje.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mama yako alikuja juzi akarudi mikono mitupu. Nataka hilo neno."

Akalitaja. Hivyo hivyo, bila kufikiri, bila kwenda kutafuta. Lilikuwa ni kitu chepesi ambacho mtoto yeyote wa Kilangali angekumbuka.

"Kumbe unalo," nikasema.

"Ninalo siku zote, dada."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta yangu, na miaka yote ile ya kupakua nusu nusu, ya kufunga mlango, ya kuitwa mwenye maringo, ilinipanda kichwani kwa mpigo. Nikamtolea yote. Nikamwambia neno lako moja lingenipumzisha, na lingempumzisha mama yako barabara ile ambayo hata wenye miguu mizima wanaiogopa. Nikamwambia umemfanya mzee wa watu asafiri kila mwezi na mguu umevimba.

"Mguu gani?" akauliza.

"Wa kushoto."

Nikasikia analia. "Umeona dada? Yeye angeniambia? Nikimpa paswedi atasomea kwa simu ya majirani, ataniandikia sijambo, hatujambo. Atazikwa ananiandikia hatujambo. Mimi huku sina mtu wa kunitazamia mama. Nina ule mstari wako tu." Kisha akaomba, kwa sauti ya mtu anayejua anaomba kitu kisicho haki, "Usimwambie kama umelipata. Mfungulie tu aendelee kuja."

Nilikata simu bila kuahidi kitu. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa na hasira na nafsi yangu kwa kumwelewa.

Nilizunguka na jambo lile mpaka mwisho wa mwezi mwingine. Kila nikilala naona zile ngazi za basi. Nikaamua. Mimi ni mtu wa ofisi. Kitu cha mtu kikiwa mkononi mwangu namkabidhi mwenyewe. Mama alipoingia na mguu wake, vumbi kichwani, nikamwamkia, nikamkalisha, nikamfungulia sanduku lake akasoma barua zote mbili zilizokuwa zinamsubiri. Alipomaliza nikampa karatasi.

"Hili ndilo neno la siri mama. Binti yako amelileta. Sasa huna haja ya kuja huku tena, mwenye simu yeyote pale Kilangali anakufungulia. Pumzisha mguu."

Aliishika karatasi mbali na uso wake, akaitazama. Kisha akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akaisukuma kwangu.

"Kaa nalo wewe, mwanangu."

"Mama, barabara ile itakumaliza."

"Nikiwa nalo nitaandika mwenyewe. Na mimi siwezi kumwandikia mtoto aliye kwa watu kwamba naumwa. Siwezi. Mdomo unakataa." Akanyoosha mguu wake chini ya meza. "Nitaandika hatujambo. Halafu yale unayoongezaga chini, nani ataongeza?"

"Kumbe unajua?"

"Mimi kusoma najua. Yule aliniambia ninywe dawa ya kikohozi. Mimi nilikuwa nimemwambia nakohoa?"

Miaka yote ile nikijiona mjanja, nilikuwa nimekaa katikati ya mama na mwanaye, kila mmoja anampitishia mwenzake kwangu kile asichoweza kukisema, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui. Nilihisi kuchoka mpaka kwenye mifupa. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na alama ndogo inaniambia kuna toleo jipya limetoka. Nikaiambia baadaye.

"Haya andika," akasema mama.

Nikaweka vidole. "Mwanangu mpenzi, salamu nyingi sana. Mimi sijambo na wote hapa hatujambo, hofu yetu ni kwako uliye mbali nasi." Mvua zimechelewa. Mpunga wa mbegu umeota vizuri. Mke wa jirani kajifungua. Akamaliza, akainuka kwa kushika meza, akafunga kitenge, akaenda kusimama mlangoni akanipa mgongo, kama alivyofanya kila mwezi tangu Kilosa. Nilikuwa nikidhani anatazama basi.

Nikashuka chini kabisa ya barua. Mchapaji anaongeza: mguu wa kushoto umevimba kupita mwezi uliopita, hawezi kukanyaga sawasawa.

"Umeandika mguu?" akauliza, hajageuka.

"Nimeandika mama."

"Weka na macho."

Habari za macho sikuwa nazo. Nikaandika.